Chupa ya Mama Riziki

Sifa ni zako, Bwana Mungu, uliyeumba damu na mishipa inamopita, ukaficha ndani ya tone moja mambo ambayo jicho letu haliwezi kuyaona bila msaada. Kwa miaka thelathini na minane uliniamsha, ukanirudisha kwenye kiti kilekile karibu na dirisha, na kila nilipokosea ulinihurumia. Nimekushukuru kwanza. Sasa nisimulie.

Nilistaafu miezi minne iliyopita. Vijana wa labo, yaani maabara, ya hospitali yetu, hapa Uvira, waliniomba niandike kazi ilivyokuwa, na Neema, ambaye sasa anakalia kiti changu, alinipa daftari jipya na kalamu mbili. “Moja ikiisha, Papa Labo,” alisema, “usiseme wino njo ulikosa.” Basi ninaandika. Vyeo na mishahara siviandiki. Havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa.

Siku yangu ya kwanza nilivaa shati jeupe nililopiga pasi mara mbili, nikidhani nitakaa kwenye mikroskopi. Mkubwa wa labo, Papa Kashindi, alinitazama kutoka juu hadi chini, akanionyesha beseni la vioo vichafu, vile vya kuwekea tone la damu. Niliosha vioo wiki mbili. Kila jioni alikuja, anachukua kioo kimoja, anakiinua kuelekea ziwa, na akiona alama ya kidole anakirudisha bila kusema neno. Wiki ya tatu hakurudisha hata kimoja. Akavuta kiti, akasema, “Sasa kaa.”

Mikroskopi ile haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo cha kurudisha mwanga, nasi tuliigeuza asubuhi upande wa mlima na mchana upande wa ziwa. Wingu likipita, wote tulingoja. Santrifuji, mashine ya kuzungusha damu na mkojo ili vizito vishuke chini, ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Nilipokaribia kufunga ndoa, fundi wa cherehani alinipima koti akalalamika kwamba mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Nilimwambia ni mambo ya kazi. Hakuuliza kazi gani.

Papa Kashindi alinifundisha mengi, lakini moja nililibeba hadi siku ya mwisho. “Kama ekzame mbili za muntu mumoja hazipatane,” alisema, akimaanisha vipimo, “usitume hata moja. Kwanza tafuta.” Nilimuuliza: nitafute wapi? Akajibu, “Anza na weye mwenyewe. Mara nyingi kosa iko karibu.”

Miaka ikapita juu ya malaria, minyoo, kipindupindu na kifua kikuu. Nilihesabu chembe nyeupe za damu kila siku. Kuna aina moja ambayo vijana wanaifahamu vizuri, yenye kiini kilichokatika vipande vitatu au vinne vilivyoshikana kwa uzi mwembamba. Ndizo za kwanza kukimbilia kidonda. Nimeziona nyingi kuliko ndagala za ziwani nilizokula, na ndagala nimekula.

Nilidhani ninazijua, mpaka nilipotumwa kujifunza majuma sita katika maabara kubwa ng’ambo ya mpaka. Mwalimu wetu alikuwa Madamu Odette, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Siku moja alituingiza kwenye chumba chenye mapazia meusi, saa nne ya asubuhi, nje jua limewaka. Akanikalisha kwenye mikroskopi ambayo sikuwahi kuona mfano wake.

“Unaona nini?” aliuliza.

“Giza tu, Madamu.”

“Zungusha polepole.”

Nikazungusha. Katikati ya giza zikatokea zile chembe zangu, zote zikiwaka kijani, punje kwa punje, na viini vyake vimebaki vyeusi. Nilitoa sauti. Wenzangu walicheka, lakini mimi nilisahau kuona haya. Nilikuwa nimezijua chembe zile kwa miaka zaidi ya ishirini, na kumbe hazikuwahi kuniambia hili.

Madamu Odette alitueleza, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa. Mwili hutengeneza kingamwili ili zishike vijidudu. Lakini kwa watu wachache kingamwili hukosea, zikashika vitu vya mwili wenyewe. Kuna zile zinazoshika punje zilizo ndani ya chembe hizi nyeupe. Chembe ikishikwa hivyo huchafuka, ikashambulia kuta za mishipa midogo, na mishipa huvimba, hupasuka, huziba: puani, mapafuni, kwenye ngozi, kwenye figo. Ili kuzitafuta, unachukua chembe za mtu mzima mwenye afya, unazikausha juu ya kioo, unazimwagia seramu ya mgonjwa, yaani maji ya juu ya damu, halafu unaweka rangi ya kijani inayonata mahali ambapo kingamwili zimenata. Chembe ikiwaka mwili mzima na kiini kubaki cheusi, ni picha ya aina moja. Ikiwaka kuzunguka kiini tu, ni ya aina nyingine. Ikibaki giza, hukuzipata.

“Na kifaa hiki, Uvira mnacho?” Madamu Odette aliniuliza.

“Bado, Madamu.”

“Basi jua kutenga seramu vizuri, na jua njia ya kuja hapa.”

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Miaka mitatu hayakunitumikia. Ndipo akaja Mama Riziki.

Hapa lazima nieleze ukoo. Riziki ni mke wa kijana wangu Bahati. Kwa hiyo mama yake, Mama Riziki, ni mkwe wangu, na kwetu mkwe si mtu wa kuchezea. Hamli sahani moja. Ukimwona njiani unampisha. Mambo ya mwili hamyataji kabisa, hata mafua unayataja kwa kuzunguka. Tulikuwa tumekaa miaka miwili katika heshima hiyo, tukisalimiana kanisani kila Jumapili kwa umbali wa hatua tatu. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika haya. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akasema, “Andika, lakini uandike kwamba kilemba changu kilikuwa kizuri.” Kilikuwa kizuri.

Alikuwa anaongoza kwaya ya wamama kule Rugenge. Mwaka ule sauti yake ilianza kukwaruza. Pua ikawa inaziba, inatoa ukoko na damu. Akaanza kukohoa, na kikohozi kikaja na damu. Picha ya mapafu ilionyesha madoa, na kwa kuwa huku kwetu madoa na damu ni kifua kikuu mpaka ithibitishwe vingine, alipewa dawa zake miezi sita. Hatukuwahi kuona kijidudu hata kimoja katika makohozi yake. Alimaliza dawa, akawa amekonda zaidi. Miguu ikatoa vidoa vya zambarau.

Daktari Amani, kijana mwenye subira aliyekuwa amefika kwetu hivi karibuni, alitaka kujua kabla ya kumrudishia dawa zilezile. Aliomba makohozi tena, damu, na mkojo. Mashine mpya ikasema hakuna kijidudu. Chupa ya mkojo ililetwa na Riziki, imefungwa ndani ya mfuko mweusi, mfuko uko ndani ya kikapu, na juu ya kikapu fungu la sombe, majani ya muhogo. Nilipokea bila kumtazama sana. Niliupima mkojo. Ulikuwa safi kabisa, kama wa msichana.

Lakini damu ilikuwa na habari nyingine. Kreatinini, ile taka ambayo figo huitoa, ilikuwa imepanda sana. Nilirudia. Ikawa vilevile. Figo zilizoumia kiasi hicho haziwezi kutoa mkojo mzuri hivyo. Ekzame mbili za mtu mmoja hazikupatana. Nikamsikia Papa Kashindi, Mungu ampumzishe: kwanza tafuta, anza na weye mwenyewe.

Nikaanza na mimi mwenyewe, na kwa kweli kosa lilikuwa karibu. Mezani kulikuwa na chupa mbili: ya Mama Riziki, niliyotaka kuipima tena, na nyingine iliyotoka kwa wakunga, ya kupima mimba. Nilikuwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hafai kushika vitu viwili. Nilichovya kipimo cha mimba katika chupa isiyo yake. Nilipogundua, nilikinyanyua nikitupe. Mistari ilikuwa miwili.

“Neema, njoo.”

Wakati ule Neema alikuwa na mwaka mmoja tu nasi. “Iko nini, Papa Labo?”

“Soma jina kwenye chupa hii.”

“Mama Riziki.”

“Sasa soma kipimo.”

Akasoma. Akaangalia tena jina kwenye chupa. “Papa Labo, uyu mama iko na miaka ngapi?”

“Hamsini na saba.”

“Basi Sara wa Ibrahimu amehamia Rugenge,” akasema.

Tulicheka, nakiri, huku nimeshika chupa ya mtu anayeumwa. Kisha kicheko kikanikauka, maana nilielewa. Mkojo ule haukuwa wake. Na kama mkojo wake hatujauona, basi daktari anasoma habari za uongo, na zimetoka kwenye meza yangu.

Riziki alikuwa bado kwenye benchi nje, anangoja majibu. Nilikaa mbali kidogo naye.

“Mwanangu, chupa hii ni ya mama yako?”

“Ndiyo, Papa.”

“Ya mama yako kabisa?”

Akatazama viatu vyake. “Papa, alikataa. Alisema: minye siwezi kutuma mikojo yangu kwa mukwe, akaiangalie na jicho moja kwa ile mashine yake. Siku ya Mungu, kanisani, nitamusalimia na uso gani?”

“Sasa wewe ulifanya nini?”

“Niliogopa muturudishe bila ekzame. Nikaingia choo. Nikajaza minye mwenyewe.”

Basi nikakaa pale na habari mbili mdomoni, moja ya kutisha na moja tamu. Nilimwambia ya kutisha: figo za mama yako zinaharibika, na bila mkojo wake mwenyewe hatujui ni nini kinaziharibu, tukichelewa siku chache zinaweza kufa kabisa. Alianza kulia. Nilitaka kumpa ile tamu ili imtulize, nikafungua mdomo, na ulimi ukakataa. Baba mkwe anamwambiaje mke wa kijana wake kwamba ana mimba? Nilisimama nikamwita Neema amwambie yeye. Ndipo nikamwelewa Mama Riziki barabara, wala sikumlaumu tena. Ugonjwa ule wa haya ulikuwa umetushika sote wawili.

Nilimsikia Riziki kupitia dirisha, anapiga kigelegele na kulia kwa wakati mmoja. Hata mume wake hakuwa anajua. Hata yeye mwenyewe alikuwa anashuku tu.

Jambo lililobaki lilikuwa chupa. Nilimtuma Neema aende na Riziki hadi Rugenge kwa pikipiki, na maneno haya: mama aje mwenyewe, mkojo utolewe hapahapa, Neema ataupokea, na juu ya chupa hakutakuwa na jina, kutakuwa na namba saba. Neema alinisimulia mazungumzo.

“Na Papa Bahati hataangalia?” Mama Riziki aliuliza.

“Ataangalia namba saba, Mama.”

“Namba saba ni nani?”

“Hatujui. Muntu tu.”

Mama Riziki alifikiri sana. Kisha Riziki akapiga magoti mbele yake, akamwambia ile habari nyingine. “Mama, unataka mutoto huyu akukute, ao hapana?” Alivaa kilemba chake kizuri, akatoka.

Nilikuwa nimejificha kwenye chumba cha dawa alipofika. Mtu mzima wa miaka yangu, nyuma ya makatoni ya glovu. Neema aliniletea chupa ikiwa bado na joto, na hilo andikeni mioyoni mwenu: mkojo uliolala saa nyingi kwenye kikapu unapoteza ushahidi wake. Nilizungusha dakika tano, nikamwaga maji ya juu, nikaweka tone kwenye kioo.

Zilikuwepo. Silinda, yaani vile vipande virefu vinavyofinyangwa kama matofali ndani ya mirija midogo ya figo, na ndani yake zimepangana chembe nyekundu za damu. Katika maisha yangu nilikuwa nimeziona mara chache sana. Zinasema jambo moja: damu hii haikutoka kwenye njia ya mkojo wala haikutoka kwenye kibofu, imetoka ndani kabisa ya figo, kwenye mishipa yake midogo inayowaka.

Nilimwita Daktari Amani aje aangalie mwenyewe. Aliinama muda mrefu.

“Pua, mapafu, ngozi, figo,” alisema taratibu. “Mzee, hii inaweza kuwa mishipa.”

“Nami ndivyo ninavyofikiri, Daktari. Kuna kingamwili za kutafuta.”

“Wapi?”

“Ninaijua njia.”

Shida ya Daktari ilikuwa hii. Dawa ya kutuliza kingamwili inalaza ulinzi wa mwili wote. Ukimpa mtu mwenye kifua kikuu kilichojificha, umemfungulia adui mlango. Usipompa mwenye mishipa inayowaka, figo zinakufa. Vipimo vitatu vya makohozi vilikuwa vimekataa kifua kikuu na kreatinini ilipanda kila asubuhi, kwa hiyo Daktari alisali pamoja nasi, akaanza dawa ya kwanza palepale. Ile ya pili, kali zaidi, ingengoja jibu.

Nilitenga seramu kwa mkono wangu, nikaiweka kwenye kisanduku cha chanjo chenye barafu, nikaenda mpakani. Afisa aliuliza, “Mzee, kuna nini ndani?”

Sikujua kudanganya. “Damu ya mukwe wangu.”

Alinitazama, akafunga kifuniko kwa ncha ya kidole, akaniambia nipite.

Madamu Odette aliipokea bila salamu ndefu. Siku tano zikafuata ambamo sikufanya kazi nzuri. Neema alirudia hesabu zangu zote, na alifanya vema. Siku ya sita, saa tano ya asubuhi, simu ikalia.

“Mzee, umekaa?”

“Nimesimama, Madamu.”

“Kaa. Zinawaka. Mwili mzima wa chembe, viini vyeusi, kama siku ile uliyopiga kelele darasani kwangu. Nimefanya na kipimo cha pili cha kutambua punje yenyewe. Kinakubali, na kwa nguvu.”

Nilipiga kelele tena. Mtu anaweza kushangaa kwamba nilifurahia jibu la ugonjwa. Lakini miezi kumi tulikuwa tunapigana na kitu kisicho na jina, na sasa kilikuwa nalo. Daktari Amani alitoka mbio kwenye korido, jambo ambalo tunawakataza wauguzi, akaenda kuandika dawa ya pili.

Vijana, sikilizeni kabla hamjaanza kukipenda kipimo hiki kupita kiasi. Kijani peke yake hakitoshi. Kifua kikuu chenyewe, na maambukizi mengine ya muda mrefu, yanaweza kuamsha kingamwili hizi kidogo. Na wapo wagonjwa wa mishipa ambao kwao chembe zinabaki giza. Jibu lile lilikuwa na nguvu kwa sababu lilipatana na pua, na mapafu, na ngozi, na zile silinda. Kipimo ni shahidi mmoja. Waite wote.

Nafuu haikuja kwa kuruka. Ilikuja kama maji yanavyopungua baada ya mvua kubwa, alama moja kwa siku. Wiki ya pili kreatinini ilisimama. Wiki ya nne ilianza kushuka. Mwezi wa tatu Mama Riziki aliimba ubeti mmoja kanisani, sauti imepasuka katikati, na wamama wote wakaumalizia. Figo zake hazikurudi zote, lakini zilirudi za kutosha. Mtoto alizaliwa msichana, akapewa jina Sara. Neema alidai jina ni lake. Hatukubishana naye.

Kwa miaka iliyofuata, kila miezi mitatu, chupa namba saba ilifika labo. Neema aliipokea, mimi nilikwenda kwenye chumba cha dawa, nikarudi, nikaangalia. Jumapili tulisalimiana kwa hatua tatu. Yeye hakuuliza, mimi sikutaja. Hospitali nzima ilijua namba saba ni nani, na hospitali nzima ilinyamaza vizuri.

Siku yangu ya mwisho kazini nilikuwa ninafuta mikroskopi. Nilisikia hatua mlangoni, nikadhani ni Neema na soda. Alikuwa Mama Riziki, amevaa kilemba kipya, ameshika mkono wa Sara aliyetimiza miaka sita. Mkono wa pili ulikuwa na chupa, wazi, bila mfuko wala kikapu wala sombe.

Nilisimama ili nimpishe. Hakupita. Alizihesabu zile hatua tatu kwa miguu yake, akaweka chupa mezani mbele yangu. Juu yake hapakuwa na namba. Palikuwa na jina, kwa mwandiko wake mwenyewe.

“Papa Bahati,” alisema, “leo njo siku yako ya mwisho. Hii iko yangu kabisa. Angalia, minye nikiwa hapa.”

Sara alimuuliza bibi yake, “Koko, ni nini ile?”

“Ni mikojo ya koko wako,” akamjibu kwa sauti iliyofika hadi korido, akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka Neema akaja kuona kuna nini.

Nilichovya kipimo, nikazungusha mkojo, nikaweka tone, nikainama. Nilizungusha polepole, kona hadi kona, kama enzi Papa Kashindi alipokuwa akinisimamia begani. Hapakuwa na silinda. Hapakuwa na chembe nyekundu hata moja. Nilimwita Sara apande kwenye kiti changu aangalie.

“Sioni kitu, Koko,” akaniambia, maana babu naye ni koko.

“Ndiyo,” nilimwambia. “Ndivyo inavyotakiwa.”

Mkojo ulikuwa safi, na safari hii ulikuwa wake. Nikaandika hivyo kwenye daftari la labo, mstari wangu wa mwisho, nikaweka saini.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulindie damu yako na mishipa inamopita. Akupe jicho la kungoja na mkono ulio safi. Akupe mwalimu atakayekurudishia kioo kichafu bila kukudharau, na mgonjwa atakayekuamini kwa jina lake. Na siku utakapokosea, kosa lako na likuongoze kwenye ukweli, kama Mungu alivyonitendea mimi. Amina.